Rufaa ya Matokeo: Barua ya Wazi kwa Wasahihishaji wa Albamu

Kwa Wahariri,
Jarida la Pitchfork,
New York, Marekani.

YAH: RUFAA YA MATOKEO YA ALBAMU ZA ROKI NA POPU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, kwanza poleni na kazi. Msanii anajifungia studio miaka miwili, anagombana na mpiga ngoma, anaachana na mwenzi wake, anatunga nyimbo kumi na mbili kuhusu kuachana huko. Nyinyi mnavaa hedifoni, mnasikiliza, mnatoka na jibu: 6.4. Si sita, wala si sita na nusu. Kuanzia 0.0 hadi 10.0 kuna alama 101, na mimi siku zote nimeamini kwamba kati yenu yupo mtaalamu ambaye sikio lake linaitambua albamu ya 7.3 bila kuichanganya na ya 7.4. Naomba nikutanishwe naye. Sina nia mbaya, nataka tu anionyeshe hiyo sehemu ya kumi ilipotea kwenye wimbo wa ngapi.

Hapa Tanzania tunalo Baraza la Mitihani, kwa hiyo mambo ya kusahihishwa tunayajua. Mtahiniwa anaandika namba, haandiki jina, ili msahihishaji asijue anamsahihisha mtoto wa nani. Matokeo yakitoka na mtu akaona ameonewa, anakata rufaa. Nimeona niwaandikie kwa utaratibu huo huo, kwa sababu nyinyi wenyewe mliufungua mlango.

Mwaka 2021, mkiadhimisha miaka 25, mlichapisha orodha ya albamu 19 mlizokiri kwamba alama zake hazikukaa sawa. Discovery ya Daft Punk, mliyoipa 6.4 ilipotoka mwaka 2001, sasa ilistahili 10. Bendi ya Interpol, waliokuwa wakitembea kifua mbele na 9.5 yao, walishushwa hadi 7.0, yaani mtu ameshaajiriwa, ameshaoa, ndipo anaitwa arudishe cheti. Naye Liz Phair, mliyempa 0.0 mwaka 2003, alipandishwa hadi 6.0. Miaka 18 ya kusubiri rufaa! Na mimi nililalamika kuchelewa kwa kitambulisho cha taifa.

Kesi ya dada huyu ndiyo iliyonikalisha mezani. Kosa lake lilikuwa nini? Mwaka 1993 alitoa Exile in Guyville, albamu ya gitaa kavu na maneno yasiyo na aibu, na wahakiki wakampenda kama wamemzaa wao. Miaka kumi baadaye akaenda kwa The Matrix, watayarishaji waliokuwa wametoka kumtengenezea Avril Lavigne vibao vyake, akarekodi nao baadhi ya nyimbo za albamu yake mpya zikiwa laini na zenye viitikio vya redio. Basi. Hakuiba, hakutukana mzazi wa mtu. Alihama mtaa tu, kutoka roki kwenda popu, na wakati ule kuhama huko mlikuona kama usaliti. Mkaandika sifuri, mkaweka nukta, mkaongeza sifuri ya pili, nadhani kwa ajili ya uhakika wa kisayansi. Mwaka 2019 mwandishi wa uhakiki ule akaomba radhi hadharani, jambo la kiungwana ambalo silifanyii mzaha.

Lakini hebu tuulizane. Kati ya 2003 na 2021, kuna noti gani iliyohama ndani ya albamu ile? Gitaa ni lile lile, sauti ni ile ile, hata makosa ni yale yale. Waliobadilika ni nyinyi. Mlizeeka kidogo, mkaacha kuionea popu aibu, mkagundua kwamba wimbo unaoimbika si lazima uwe umeuza roho. Kumbe ile namba haikuwa ya Liz Phair. Ilikuwa ya chumba cha habari cha mwaka 2003, na mngeiandika hivyo tungeelewana.

Tena alama za zamani mmeziacha kwenye kurasa zake, mkasema mngezibadilisha kama mngeweza. Waheshimiwa, kama mngeweza? Mfumo ni wenu na kalamu ni yenu. Ni nani basi anayewazuia, Umoja wa Mataifa?

Msidhani nawaonea peke yenu. Wakubwa zenu wa jarida la Rolling Stone waliiponda albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1969, na mwaka 2003 wakaiweka ya 29 katika orodha yao ya albamu 500 bora za wakati wote, bila hata kukohoa. Nevermind ya Nirvana waliipa nyota tatu ilipotoka. Ila walipofika kwa Mick Jagger mwaka 2001, na albamu yake Goddess in the Doorway, nyota tano zilipatikana haraka, na msahihishaji alikuwa Jann Wenner mwenyewe, mwanzilishi wa jarida na rafiki wa mtahiniwa. Keith Richards, ambaye amekaa na Jagger jukwaani maisha yake yote, aliibatiza albamu hiyo jina ambalo jarida la heshima haliwezi kulichapa. Katika shauri hili namwamini Keith.

Na madhara yapo. Mwanamuziki Travis Morrison alitoa albamu ya Travistan mwaka 2004, mkampa 0.0, na alieleza baadaye jinsi watu walewale waliokuwa wakimshangilia walivyomgeuka karibu usiku mmoja. Nani alisoma aya zenu siku ile? Namba inasafiri bila mzigo, ndiyo maana inafika kabla ya hoja. Imewageukia hata nyinyi: mwaka 2020 mliipa folklore ya Taylor Swift 8.0, alama ambayo mzazi wa Kitanzania angeichinjia kuku, na mwandishi wenu akaishia kutishwa na mashabiki walioona ameiba pointi mbili. Uhakiki wenyewe uliisifu albamu! Wala si ajabu kwamba mwaka 2024 jarida la Paste lilichapisha uhakiki wa albamu nyingine ya Swift bila jina la mwandishi, ili kumlinda. Kwetu anayefichwa jina ni mtahiniwa. Kwenu sasa ni msahihishaji.

Sitagusa kwa kirefu ile albamu ya bendi ya Jet ya mwaka 2006, ambayo badala ya uhakiki mliiwekea video ya sokwe akijikojolea mdomoni. Nilicheka, nakiri. Lakini mpiga besi wa bendi ile akitaka kujua alikosea wapi, amwulize sokwe?

Linalonisikitisha kwa kweli ni kwamba mnajua kuandika. Nimesoma wahakiki wenu wakieleza kwa nini ngoma iliyorekodiwa karibu mno inamfanya mwimbaji asikike mpweke, au kwa nini kiitikio kinacholetwa mapema kinaua wimbo, nikarudi kuisikiliza albamu niliyokuwa nimeshaitupa. Kazi hiyo hakuna namba inayoifanya. Januari 2024 wamiliki wenu, Condé Nast, walitangaza kuwaingiza ndani ya GQ, jarida la wanaume na mavazi yao, na baadhi ya wahariri wakapunguzwa kazi. Sikushangaa sana. Mkiwafundisha watu kwamba maoni yenu yote yanaenea katika tarakimu mbili na nukta, tajiri naye atauliza kwa nini analipia maneno mia nane.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Albamu ikitoka Ijumaa, andikeni mlichosikia, mweke na jina, mtu akikasirika abishane na sentensi. Alama isubiri mwaka mmoja, mpaka mjue kama albamu bado mnaisikiliza mkiwa mnaosha vyombo. Kama mwajiri hatakubali alama icheleweshwe, basi angalau ondoeni nukta. Na ile 0.0 ya dada Liz ifutwe kwenye ukurasa wenyewe, kwa kalamu ile ile iliyoiandika.



Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam.

Nakala: Bw. Mick Jagger, kwa taarifa. Nyota zake asirudishe, tumeshazoea.