Kwani Nyuma Unaangalia Nini?

Gari likifa breki, watu hukuonea huruma, wengine mpaka wanakuchangia hela ya fundi. Taa za mbele zikigoma, trafiki mwenyewe hukusikitikia kidogo kabla ya kukuandikia. Lakini waambie watu wa Njombe kwamba hita ya kioo cha nyuma cha pikapu yako haifanyi kazi, uone watakavyokutazama. Wa kwanza atauliza kama kweli kioo kinaweza kuwa na hita. Wa pili atataka kujua umeinunua shilingi ngapi. Wa tatu, na huyu hakosekani, atatua kwanza mzigo wake chini ili aulize vizuri: "Kwani nyuma unaangalia nini?"

Naangalia bodaboda, ndugu yangu. Naangalia lori la mbao ambalo dereva wake ameahidi kufika Makambako saa mbili asubuhi na sasa ni saa mbili kasorobo. Naangalia kijana aliyedandia bodi bila kuniaga. Na nikiwa narudi nyuma sokoni, naangalia mama wa parachichi aliyepanga mafungu yake hasa pale ninapotaka kukanyaga.

Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, wenzetu wa Dar es Salaam wanaposifia kaupepo ka jioni, sisi tunalala na soksi. Kule Makete, kuelekea Kitulo, barafu ya usiku huunguza majani ya viazi mpaka mkulima akiamka anashika kichwa. Asubuhi ukungu huwa mzito kiasi kwamba mtu anakupigia "Kamwene!" kutoka ng'ambo ya barabara, unaitika kwa adabu zote, na mpaka leo hujui ulimwitikia nani.

Sasa wapakie watu kwenye dabo kebini katika asubuhi ya namna hiyo. Muweke Shangazi yangu wa Uwemba, khanga juu ya sweta juu ya sweta jingine, na mwavuli uliolowa. Pembeni yake weka ndoo ya maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, bado yanafuka. Ongeza binamu wawili wenye mabuti ya matope. Wote hao wanapumua, tena wanapumua huku wakisimuliana habari za msiba, na msiba una pumzi nyingi. Hewa yao ya uvuguvugu ikikutana na kioo cha baridi, unyevu wake unageuka matone, na kabla hatujafika lami kioo cha nyuma kimekuwa cheupe pe.

Kioo cha mbele kina feni ya kukipulizia. AC nayo inasaidia sana, hata kwenye baridi, kwa sababu inakausha hewa. Huo ni ukweli wa kitaalamu, na mimi niliwahi kumweleza Shangazi ukweli huo saa kumi na mbili asubuhi huku nikinyoosha mkono kwenye kitufe. Akaniuliza kama marehemu kaka yake ndivyo alivyonilea. Tukaendelea bila AC.

Kioo cha nyuma cha pikapu hakina feni wala waipa. Kinacho mistari tu. Ile mistari myembamba ya rangi ya kahawia inayokata kioo kutoka kushoto kwenda kulia si pambo. Imechapwa kwa upande wa ndani kwa mchanganyiko wenye madini ya fedha, ikaokwa na kioo kiwandani. Ukibonyeza kitufe, umeme wa volti 12 unapita humo, mistari inapata moto kidogo, ukungu unakimbia. Inakula umeme mwingi, ndiyo maana magari mengi hujizimia yenyewe hita hiyo baada ya dakika kumi au kumi na tano. Kitufe chake kina picha ya mstatili wenye vimoshi vitatu vinavyopanda juu. Kuna abiria, mtu mzima na mstaarabu kabisa, aliyeniuliza kwa sauti ya chini kama hicho ndicho cha kuchemshia chai.

Gari lenyewe lilikuja mtumba kutoka Uingereza, ambako jambo hili hawalifanyii mzaha. Kanuni zao za barabara zinamtaka dereva aondoe theluji na barafu kwenye vioo vyote kabla hajaanza safari, cha nyuma kikiwemo. Chini ya kiti tulikuta kibapa cha plastiki cha kukwangulia barafu, mwenye gari wa kwanza alikisahau. Nyumbani kilikaa mezani siku kadhaa kikijadiliwa. Mama watoto alidhani ni cha kupakia siagi, kwa mkate wa watu wakubwa. Hivi sasa kiko jikoni kinakwangua ukoko wa ugali, na kwa kazi hiyo sijaona mfano wake.

Ubaya wa hita hii ni kwamba inakufa kimyakimya. Breki zikichoka zinalia. Beringi ikichoka inaunguruma mpaka majirani wanajua unarudi. Hii ukibonyeza, kitaa cha rangi ya chungwa kinawaka pale pale kwa furaha. Kitaa kile ni mwongo. Kinachokujulisha ni kwamba agizo limetolewa. Kama umeme umefika kwenye kioo au umeishia njiani, hakijui na hakijali. Nimewahi kufanya kazi ofisini na watu wa aina hiyo, nao walipandishwa vyeo.

Ushauri haukukosekana. Mzee mmoja alinihakikishia kwamba enzi za malori ya zamani walikuwa wanasugua kioo kwa tumbaku. Mwingine akasema sabuni ya kipande, ipakwe kavu. Lakini huku kwetu viazi ndiyo maisha, kwa hiyo wengi walipigia kura kiazi: kikate katikati, sugua, acha kikauke. Binamu zangu wakasugua kioo kizima kwa nia njema kabisa, wanga ukaganda, kikawa hakipitishi hata mwanga wa jua. Mmoja akasema siku hita ikipona tutakula chipsi.

Nikaenda gereji. Fundi wa kwanza alifungua boneti kwa hamu. Nilipomwambia tatizo ni kioo cha nyuma, akaifunga kwa huzuni. Hata hivyo hakutaka niondoke mikono mitupu, akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye jua, akaikuta nzima. "Tuweke kubwa zaidi, bosi, iwe na nguvu." Nikamkatalia. Gari likiwaka moto ukungu utaondoka, hilo sikatai, lakini nilikuwa nimekusudia kubaki na gari pia.

Akanielekeza kwa mzee wa umeme, nyuma ya stendi. Mzee huyu miwani yake imeshikizwa kwa waya wa spika, na hana haraka na mtu. Hakugusa hata bisibisi. "Washa injini. Bonyeza hicho kitufe. Sasa panda huku nyuma, uhemee kioo."

Tukapiga magoti kwenye kiti cha nyuma, mimi, mzee na kijana wake wa kazi, tukawa tunahemea kioo. Haaa. Haaa. Nje watu wakasimama. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la ndizi kichwani aliuliza kama tunaombea gari. Lakini ghafla kioo kikaanza kusema. Mistari ya chini ikajichora yenyewe, vijia vyembamba vya kioo safi vikifunguka ndani ya ukungu tuliouhemea, vikapanuka mpaka vikagusana. Ya juu, kimya. Ukungu ulikaa palepale kana kwamba umelipa kodi ya pango.

Mzee akatoa mita. Ncha moja akaibana kwenye bodi, nyingine akawa anaitembeza juu ya mstari mzima taratibu: 12, 10, 8, na katikati 6. "Huu unatembea, umeme unapungua kidogo kidogo kama inavyotakiwa." Akahamia mstari mbovu: 12, 12, 12, halafu sifuri. Akairudisha ncha nyuma kidogo, 12. Mbele kidogo, sifuri. Akaninyooshea kidole: katikati ya kumi na mbili na sifuri palikuwa na mkwaruzo mwembamba kuliko unywele. Na mstari wa juu yake, vivyo hivyo. Na wa juu yake tena, mikwaruzo yote ikifuatana wima.

"Wembe," mzee akasema, akavua miwani.

Hapo nikamkumbuka shemeji. Shemeji aliliazima gari kwa ajili ya sendofu ya dada yake, akaona tinti ya nyuma itamficha bibi harusi, akamwita kijana mmoja aliyeibandua kwa wembe. Tinti hubanduliwa kwa mvuke na subira, na hata hapo mistari huweza kuondoka nayo. Kijana yule hakuwa na kimojawapo. Gari likarudi limeoshwa, tangi limejazwa mafuta, na utepe wa pinki kwenye kioo cha pembeni. Mtu akikurudishia gari lenye mafuta katika nchi hii, huendi kukagua kioo.

Dawa yake ipo: rangi yenye fedha halisi, inayopitisha umeme. Duka la spea la kwanza walinipa rangi ya fedha ya mageti, kopo zima. Nilipoeleza kwamba ile inang'aa tu, haipitishi umeme, muuzaji akanijibu kwa upole, "Kaka, fedha ni fedha." Mwishowe jamaa yangu aliipata Kariakoo, akaituma kwa basi: kichupa chenye kiburashi kwenye kifuniko. Dada wa vifurushi aliniangalia sana wakati nasaini. Nyumbani binti yangu alikiona kabla yangu, na kwa muda ule nilioenda kunawa mikono, kucha ya kidole chake kidogo ikapata uwezo wa kupitisha umeme.

Mzee alibandika utepe wa karatasi juu na chini ya kila mstari uliokatika, akapaka katikati mara moja, akasubiri, akapaka tena. Akapiga marufuku kugusa kioo mpaka kesho yake, na kwa baridi ile akaongeza nusu siku.

Ikapona. Kuna mstari mmoja wa juu ulikataa katakata, kwa hiyo ukungu hubaki hapo kwa ufito mwembamba, lakini chini yake naona barabara yote, mpaka uso wa dereva wa lori la mbao na hasira zake. Nilikuwa na furaha hiyo mpaka Shangazi alipopanda tena. Aliegemeza kichwa nyuma, akanyamaza, akainuka, akakigusa kioo kwa kiganja, akaegemea tena taratibu.

"Mwanangu, huku kuna moto!"

"Ndiyo, Shangazi. Ni hita ya kioo."

"Na siku zote ulikuwa unaninyima?"

Tangu hapo kiti cha nyuma, upande wa katikati, ni chake. Hupanda na kilemba kikubwa cha kitenge, anakiegemeza barabara kwenye kioo, anafumba macho. Mimi nikitazama kwenye kioo cha ndani, naona kilemba. Na dakika zikitimia hita ikajizima, haupiti muda, nasikia vidole begani: "Baba, kisogo kimepoa. Bonyeza."

Nabonyeza.