Sifa za Vumbi la Same

Waungwana waliotangulia wametunga sifa za bahari, za majahazi na za mawaridi, wakaliacha vumbi lipigwe fagio bila ya kusomewa hata ubeti mmoja. Basi mimi, niliyeula umri wangu katika kupiga picha kwa mapenzi tu wala si kwa ujira, naona insafu hainiruhusu kufa kabla ya kulilipa vumbi la Same haki yake.

Nasaba yake ni tukufu. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja zimebeba mvua, lakini zipandapo milima ya Upare aghalabu huimwaga upande wa mashariki na huko juu, kwenye msitu wa Chome na kilele cha Shengena, ambako ukungu na majani mabichi humpumbaza mpiga picha hata akadhani uzuri ni kitu cha kuokota. Zikitushukia sisi huku Same zimekwisha kukauka, hazina hidaya ila kuiinua ardhi yetu nyekundu na kuitundika hewani. Hapo ndipo mwanga wa jioni, ambao penye hewa safi hupita bila kuonekana, husimama kama nguzo baina ya mibuyu, na mchungaji arejeaye na mbuzi wake akapata mabegani ukingo wa dhahabu ambao hakuna studio iwezayo kumpa. Hata tembo wa Mkomazi, pori la akiba tangu 1951 na leo hifadhi ya taifa, wamekubali kupakwa wekundu nalo, na wageni huvuka bahari kuja kuwapiga picha, kisha wakamshukuru tembo.

Wanaolilaumu husema huingia ndani ya kamera. Naam, huingia, tena bila hodi, wala halibagui kamera ya tajiri na ya fukara. Zama za filamu, chembe moja ikituama juu ya negativu iliuzuia mwanga usiifikie karatasi, ikazaa nukta nyeupe. Nami nikaketi na brashi yenye ncha ya unywele, nikitia wino mwepesi kidogo kidogo, mpaka shavu la bibi harusi likarudi hali yake. Ni nani mwingine angenikalisha nikiutazama uso wa mwanadamu kwa karibu namna ile, hata nikagundua kwamba bibi harusi yule, ambaye ukoo mzima uliapa kuwa anatabasamu, alikuwa ameuma mdomo?

Sasa wanangu wameninunulia kamera isiyotumia filamu, ambayo kila niiwashapo hujitikisa ndani kwa ndani ili kulikung'uta vumbi. Nimewashukuru kwa adabu, kisha nikaingia kwenye mipangilio yake kutafuta mahali pa kuuzima mtikiso huo.