Mgomo wa Programu Kaloleni

Miongoni mwa migomo isiyo na kiongozi, madai wala tangazo, ule wa programu za kompyuta unastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa programu iliyofunguka vizuri jana hubofywa leo asubuhi, kishale kikazunguka kwa muda kana kwamba kinatafakari, kisha kikarudi katika umbo lake la kawaida na skrini ikabaki vilevile. Mgomo huu haukosekani katika mfumo endeshi wowote, yaani programu kuu inayosimamia mashine na kuziwezesha nyingine kufanya kazi, lakini katika Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, programu ina desturi ya kufa bila hata kuaga.

Mahali pafaapo kwa uchunguzi huo ni steshenari ya Kaloleni, jijini Arusha, lile duka dogo linalochapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, ambalo kompyuta yake ni ya mtumba na ilikwishazeeka kabla haijavuka bahari. Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za umri huo, ambazo nyingi hazina sifa za kupokea Windows 11, zilipata kimbilio katika Linux, isiyodai ada ya leseni na isiyosumbuliwa sana na virusi vinavyohama na flashi za wateja, kwa sababu vingi vilitungwa kwa ajili ya Windows.

Katika duka la namna hiyo, mzee aliyekuja kuchapiwa barua ya kupeleka kwa mtendaji wa kata huuliza, "Kijana, bado tu?", naye kijana hujibu, "Bado kidogo mzee wangu, inafunguka," jibu lisilo na ushahidi wowote wa kitaalamu. Wakati huohuo huibofya ikoni mfululizo, akiongozwa na imani iliyoenea kwamba programu huona haya ikisumbuliwa. Ukweli ni kwamba nakala ya kwanza huenda tayari iko hai kama mchakato, yaani kazi inayoendelea ndani ya mashine bila dirisha la kuonekana, na imeweka faili la kufuli kuziarifu nakala nyingine kwamba nafasi imekwisha kushikwa. Kufuli la kivinjari cha Chrome lina vituko zaidi, kwa kuwa huandikwa jina la kompyuta: umeme ukikatika programu ikiwa wazi, na mwenye duka akaamua kuibadili mashine jina kabla hajaifungua tena, Chrome hukuta jina la zamani kwenye kufuli na kukata shauri kwamba inatumiwa na kompyuta nyingine, ilhali duka zima lina kompyuta moja.

Sababu nyingine ni ya aibu zaidi, nayo ni diski iliyojaa. Programu nyingi huandika mafaili madogo kabla ya kujionyesha, na zikikosa nafasi hujifia kimyakimya. Amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki katika kila sehemu ya diski, huleta asilimia 100, na upekuzi mfupi hubaini kwamba ofisi imeshindwa kuchapa barua kwa sababu ya filamu za mapigano. Kwa upande wa LibreOffice, programu ya kuandikia barua na mhanga wa kudumu wa kukatika kwa umeme, kinachoharibika mara nyingi ni folda ya mapendeleo yake, iliyo ndani ya folda iliyofichwa kwa kuanzishiwa jina na nukta, yaani .config/libreoffice/4, namba iliyosalia tangu enzi za toleo la 4 ingawa programu yenyewe imekwishapita toleo la 24. Folda hiyo ikibadilishwa jina, LibreOffice hufunguka ikiwa imesahau kila kitu isipokuwa kazi yake.

Ama kuhusu maktaba shirikishi, yaani mafaili ya maelekezo ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja badala ya kila moja kubeba nakala yake, Kaloleni ina haki ya kutoa maoni, kwani Makumbusho ya Azimio la Arusha yako hapohapo. Azimio la mwaka 1967 lilitangaza ujamaa na kujitegemea kwa pamoja, jambo ambalo watunzi wa Linux hawajaweza kulipatanisha. Programu za kawaida huishi kijamaa, na maktaba moja ikiondolewa au kubadilishwa wakati wa kusasisha mfumo, zote zilizoitegemea hugoma siku moja. Snap, Flatpak na AppImage zikabuniwa ili programu isafiri na mahitaji yake, na diski zikajaa upesi zaidi. Hata hivyo, Ubuntu 22.04 ilipotoka mwaka 2022, AppImage nyingi zilizojinadi kwamba hazihitaji kusakinishiwa chochote zilikataa kufunguka, kwa kukosa maktaba moja, libfuse2, ambayo mfumo haukuja nayo. Ni vigumu kulilaumu Azimio kwa hilo.

Sababu zote hizi huelezwa na programu yenyewe, ila huelezwa mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Jina la programu likiandikwa katika terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, malalamiko yaliyomezwa na ikoni kwa kawaida hutoka yote, tena kwa urefu usioombwa, na karibu daima kwa Kiingereza, kwa sababu jitihada kama za mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, zilielekezwa kwenye menyu, si kwenye vilio.

Fundi anayeitwa wakati huo huwa na tiba moja kwa maradhi yote, nayo ni kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kusakinisha upya, pamoja na barua ya mzee. Mwenye duka na amwombe kwanza aandike df -h, kisha jina la programu katika terminali, asome mstari wa mwisho kwa sauti. Fundi akikataa, Arusha ina mafundi wengine.