Kwa Mheshimiwa, kuhusu kozi isiyo na ajira

Mheshimiwa,

Naomba radhi kwa kukuandikia gazetini, mahali ambapo hata wasiohusika watasoma. Njia ya kawaida niliijaribu, nitaieleza mbele kidogo, ila ofisi yako ina shughuli nyingi nami ni mwanafunzi wa mwaka wa pili tu, Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nilikuwepo kwenye kongamano la vijana ulipokuwa mgeni rasmi. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na katoni za maji, na nilikusikia vizuri kwa sababu spika ilikuwa juu ya kichwa changu. Ulisema, kwa upole wako unaojulikana, kwamba vijana tuache kozi zisizo na ajira, mfano hizo za siasa, tukajifunze kuchomelea na kufuga kuku. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, Mheshimiwa, maana mgeni rasmi hapigiwi makofi kwa kuchagua.

Usiku usingizi ulinipaa, nikafungua Katiba. Ibara ya 67 inataka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika katika Kiswahili au Kiingereza, tena awe amependekezwa na chama chake. Ibara ya 55 inaongeza kwamba mawaziri wote wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Nikarudia kusoma, nikitafuta mahali panapodai japo cheti cha kidato cha nne. Sikupaona. Kumbe ajira ipo, na masharti yake ni mepesi kuliko ya mlinzi wa benki! Ni sisi tuliozunguka mbali: HGL miaka miwili, shahada miaka mitatu, madesa ya kukopeshana, sapu moja ya takwimu ambayo sipendi kuizungumzia. Pokea pongezi zangu za dhati kwa kuijua njia ya mkato.

Nisieleweke vibaya. Ibara ya 67 siipingi. Bunge la wenye shahada peke yao lingemfungia nje bibi yangu, ambaye ana busara kuliko darasa letu zima, pamoja na mhadhiri mmoja ambaye sitamtaja.

Tena kozi hii ina historia ya kuajirika. Rais Museveni wa Uganda aliisoma siasa hapahapa Mlimani pamoja na uchumi, akamaliza mwaka 1970, na kazi yake ya sasa ameishika tangu Januari 1986. Uchomeleaji bado haujatoa ajira ya kudumu namna hiyo.

Labda ulitaka kujua tunafundishwa nini. Kwa heshima zote, tunafundishwa kuwahusu nyinyi. Tulisoma Tume ya Nyalali, ambayo mwaka 1991 ilizunguka nchi ikiuliza kama chama kiwe kimoja au vingi. Asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni walitaka kimoja kiendelee, asilimia 20 vingi, na tume ikapendekeza vingi. Mtu wa kawaida angedhani hesabu imekosewa. Darasani tulibishana saa mbili: wachache walindwe vipi, na je, serikali inayoweza kuwapita wengi kwa nia njema itazuiwa na nani siku nia ikiharibika? Kengele ya mhadhara uliofuata ikatukuta hapo, hatujaafikiana. Kuku hawaulizi swali hilo, nakubali.

Tulisoma pia Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hiki walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamelalamikia pia ukubwa wa mishahara ya viongozi, akapunguza wake kwa asilimia 20. Nimefurahi kuona kwamba nusu ya kwanza ya mfano huo waliokuja baadaye waliielewa haraka sana.

Nyumbani nako hawanielewi. Baba mdogo wa Makambako kila likizo huuliza nagombea lini na kwa chama gani, na mwenyekiti wa kijiji, tangu asikie ninachosomea, akiniona huvuka barabara. Nikiwaambia kwamba nasoma jinsi bajeti ya halmashauri inavyopangwa na nani anapaswa kuihoji, mwenyekiti ndiyo huzidi kukimbia.

Sasa ombi langu, na linipe nafasi ya kumtaja mzee mmoja wa fani yetu. Niccolò Machiavelli alipoteza kazi ya serikali huko Florence mwaka 1512. Mwaka uliofuata akaandika kitabu cha ushauri kwa watawala, baadaye akakitanguliza kwa maneno matamu kwa mmoja wa ukoo wa Medici, watawala wa mji huo, akitumaini kukumbukwa. Cheo chake hakurudishiwa, na kitabu kilichapishwa mwaka 1532, yeye akiwa amekwisha kufa. Mimi sina kitabu. Naomba nafasi ya field tu, kuanzia Julai, katika ofisi yako ya jimbo. Posho sihitaji. Nitapanga barua za wananchi kwa tarehe na kuandika pembeni ni ipi haijajibiwa, ili tuone siasa inavyofanya kazi.

Barua ya maombi niliileta Februari. Machi niliambiwa niongeze nakala, nikaongeza. Dada wa mapokezi, ambaye hana kosa lolote, alinionyesha ilipo: faili la bluu, juu ya kabati, chini ya chupa ya chai.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili