Shajara ya Msaidizi wa Kisheria

Jumatatu. Darasa la haki kwa vijana wa kata, saa nane mchana. Mwenye ufunguo wa ukumbi yuko msibani. Tumesomea nje, ukungu ukituingia masikioni. Nimewaambia kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mmoja wa kidato cha nne, ndevu zimemjaa, amekaa kimya muda mrefu. Swali la kwanza: chai ipo?

Jumanne. Viboko. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Binti mmoja ameuliza kama anaweza kuomba kuliona hilo daftari. Nimemwambia aombe kwa adabu.

Jumatano. Ameomba kwa adabu. Daftari bado halijanunuliwa.

Usiku, mwanangu amekataa kuosha masufuria. Saa mbili imepita, anasema, na mtoto hafanyi kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nimemweleza kuwa kifungu kinahusu mkataba wa ajira. Ameuliza mkataba wetu uko wapi. Nimeosha mwenyewe. Maji ya Njombe mwezi wa saba hayajui cheo cha mtu.

Ijumaa. Mzee mmoja amepita kusikiliza, kumbe ana posa kwa binti wa kidato cha pili. Nilikuwa nimefika kwenye marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016: kuoa mwanafunzi, miaka 30 jela. Mzee ana miaka 58. Amehesabu kwa vidole, akaaga vizuri tu.

Jumamosi. Makambako, stendi, usiku. Kijana wa miaka 15 anauza mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori ya Tunduma, trei kichwani, chumvi kwenye kikopo cha dawa. Tajiri wake hajamlipa tangu mwezi uliopita. Nimemwambia: kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, usiku hapana, na malipo ni haki yako. Akasema, "Sawa mama, unachukua mangapi?" Nimechukua mawili. Nikamtajia namba ya msaada kwa mtoto. Simu yake kaishika tajiri, fidia ya trei lililoanguka. Yangu imezima chaji.

Asubuhi nimempeleka ofisi moja. Kufuli. Mlinzi anasema wamekwenda semina Njombe.

"Semina ya nini?"

"Haki za watoto, mama."

Tumeazima simu ya mama ntilie, akituonya kuwa haina salio. Haikuhitaji. Kijana amezungumza mwenyewe, jina la tajiri akalitaja herufi kwa herufi, na wakati huohuo ameuza yai.

Namba ni 116, kupiga ni bure.