Wasifu Uliokazwa Ngozi

Daktari anayejiandaa kwa usaili wa upasuaji wa plastiki hupasua wasifu wake kwanza. Palipolegea hupakaza, penye pengo hupandikiza utafiti wa watu watano, yeye jina la nne. Akiulizwa kwa nini fani hii, humtaja mtoto mwenye mdomo sungura. Kliniki ya pua na makalio? Haijawahi kumpitia akilini, jamani.

Mbele kuna mitihani ya COSECSA, chuo cha wapasuaji chenye makao Arusha: wa uanachama (MCS), kisha wa ubingwa (FCS). Usiku anakariri maji ya aliyeungua, mililita 4 kwa kilo kwa kila asilimia ya ngozi iliyoungua, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Shangazi anachungulia: “Mwanangu, hiki kitambi changu utakitoa lini?”