Sifa za Mtu Aliyechukia Mwisho

Kila mwaka Marekani hutoa tuzo za televisheni za Emmy kwa waigizaji, waongozaji, washonaji wa mavazi, wapambaji wa nyuso, hadi mafundi wanaotia sauti ya mlango unaofungwa. Aliyesahaulika ni mmoja tu, naye ndiye mchapakazi kuliko wote: mtazamaji ambaye tamthilia yake ikiisha saa tano usiku, hukesha hadi adhana ya alfajiri akieleza jinsi ilivyopaswa kuisha. Halipwi, hakuombwa, na mkewe alishalala zamani. Haachi. Wakati umefika naye apewe chake.

Tuanze na subira yake. Mgeni wa kawaida akionja pilau akaona haijakolea chumvi, husogeza sahani kando kimyakimya. Huyu humaliza sahani ya kwanza, huongeza ya pili, hukomba hadi ukoko, ndipo anapoitisha kikao cha wapishi. Tamthilia ya Game of Thrones ilianza kurushwa na HBO Aprili 2011 ikamalizika tarehe 19 Mei 2019: misimu 8, sehemu 73. Shabiki wetu alizitazama zote, na za mwanzo alizirudia ili asichanganye koo. Anaweza kukutajia nasaba ya Targaryen vizazi vitano kwenda juu, ilhali babu yake mzaa mama anamjua kwa jina moja tu. Mtu aliyewekeza namna hiyo ana haki ya gawio, na gawio lake ni hasira.

Jicho lake nalo si la mchezo. Katika sehemu ya nne ya msimu ule wa mwisho, kikombe cha kahawa cha siku hizi kilionekana mezani karibu na malkia, katika ulimwengu wa mapanga na majoka. Wahariri hawakukiona. Wakubwa wa kampuni hawakukiona. Mashabiki walikiona gizani, kwenye kioo cha simu, na HBO ikalazimika kukifuta kwa kompyuta. Jicho hilohilo lina miezi mitatu halijaiona bili ya maji iliyobandikwa kwenye friji, lakini kazi hugawanywa kwa vipaji.

Katika msimu huohuo likasambaa ombi la mtandaoni la kuitaka HBO ipige upya msimu wote wa nane, safari hii kwa waandishi wenye uwezo. Saini zilipita milioni 1.5. La kupongezwa zaidi ni kwamba mamia ya maelfu walitia saini kabla sehemu ya mwisho haijarushwa. Hakimu wa kawaida husubiri ushahidi ukamilike, na ndiyo maana mahakama zina mrundikano wa kesi.

Malalamiko yenyewe yalikuwa mazito. Kule Marekani na Uingereza wapo wazazi waliokwisha kuwaita binti zao Khaleesi na Daenerys, kisha katika sehemu ya tano malkia mwenye majina hayo akapanda joka lake akauchoma mji mzima pamoja na raia waliomo. Mtunzi mwenye utu angefikiria vyeti vya kuzaliwa. Septemba ya mwaka uleule msimu huo ukapewa Emmy ya tamthilia bora. Shabiki hakutetereka hata kidogo. Aliiongeza Emmy kwenye orodha ya vitu vilivyoharibika.

Wasiomjua husema hana vigezo. Wanamwonea. Vigezo anavyo, tena vingi, na kila tamthilia huipima kwa kile ambacho haikukitimiza.

Mwisho usiwe fumbo. Tarehe 10 Juni 2007 The Sopranos iliisha jambazi Tony Soprano akiwa mgahawani na familia yake, vitunguu vya kukaanga mezani. Kengele ya mlango ikalia, akainua uso, skrini ikawa nyeusi. Watazamaji wengi wa Marekani walidhani kebo imekatika. Huku kwetu mtu angekwenda kuangalia Luku. Tangu usiku ule mtunzi David Chase ameulizwa, mwaka nenda mwaka rudi, kama Tony alikufa au hakufa, utadhani cheti cha daktari anacho mfukoni. Mwaka 2024 meza ya mgahawa ule wa Holsten's, New Jersey, pamoja na viti vyake, iliuzwa mnadani kwa dola 82,600. Hiyo ndiyo bei ya samani zilizoshuhudia mwisho mbovu. Mwisho mzuri ungeuzwa kwa kiasi gani, Mungu anajua.

Mwisho usieleze sana. Kwa miaka sita ya Lost, hadithi ya abiria wa ndege iliyoanguka kisiwani, kuanzia 2004 hadi Mei 2010, shabiki alidai majibu: dubu wa nchi za barafu anatafuta nini kwenye kisiwa cha joto, moshi mweusi ni kitu gani, zile namba zina siri gani. Yaliyojibiwa alisema yameua utamu. Yaliyoachwa alisema ni dharau. Katika dakika za mwisho mhusika mmoja anatamka waziwazi kwamba yote yaliyotokea kisiwani yalitokea kweli, lakini wapo watakaokuapia hadi leo kwamba abiria walikufa wote siku ndege ilipoanguka, na kwamba kuwadanganya watu vile ilikuwa aibu. Kuukasirikia mwisho uliokuwepo hata mtoto anaweza. Kuukasirikia ambao haukutokea ni ufundi.

Mwisho usishtue, na usitabirike. How I Met Your Mother ilimweka mtazamaji misimu 9 akisubiri baba akutane na mama, na Machi 2014 ikawakutanisha na kumzika mama karibu pumzi ileile. Baada ya makelele, watengenezaji waliweka mwisho wa pili kwenye DVD, ambamo mama hafi. Shabiki aliupokea, akautazama, akatoa hukumu: huu ndio ungepaswa kuwa wa kwanza, sasa umechelewa.

Tena mwisho usiwe mzuri. Breaking Bad ilipofungwa Septemba 2013, sifa zilimiminika kila upande, na kwa siku mbili shabiki alionekana akizungukazunguka nyumbani kama hana kazi. Siku ya tatu akapata: imefungwa nadhifu mno, maisha hayako hivyo. Kisha akauliza yule kijana Jesse alielekea wapi na lile gari. Mwaka 2019 alitengenezewa filamu nzima, El Camino, ya kumjibu swali lake. Akasema hapakuwa na haja.

Lakini jambo linalomgusa kuliko yote ni kifo cha steling. Aliyekulia kwenye vibanda umiza anaijua katiba: steling hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kuanguka na gari mtoni, ila kwenye jina la mwisho la waigizaji yuko hai na msichana yuko pembeni. Prison Break ilipotamba, diski zake zilizonakiliwa zikauzwa Kariakoo zikiwa na misimu yote kwenye bahasha moja ya nailoni, na watu wakamtazama Michael Scofield akitoroka jela kwa ramani aliyochorwa mwilini. Mei 2009 watunzi walivunja katiba. Scofield akazikwa. Filamu ya nyongeza ilieleza kwamba alijitoa mhanga ili mkewe atoke gerezani, na shabiki akasema sababu hiyo haitoshi: mtu aliyeweza kutoroka jela zote zile angeshindwaje kutoroka na kifo?

Wakubwa walisikia. Mwaka 2017 Scofield alirudi, akiwa hai kabisa ndani ya jela moja huko Yemen. Siku ile shabiki alitazama kwa furaha hadi nusu ya kipindi. Ilipofika nusu ya pili akaanza kunung'unika: mbona tulishamzika? Je, machozi ya 2009 nani atayarudisha? Yaliyompata Scofield yalimpata pia Dexter, yule muuaji wa Miami, ambaye mwaka 2013 walimwacha porini akikata magogo. Makelele yalikuwa makubwa. Mwaka 2021 akarudishwa ili amalizwe vizuri, na Januari 2022 akapigwa risasi na mwanawe. Makelele yakawa makubwa zaidi. Mwaka 2025 akafufuliwa. Kwa mwendo huu ataishi kuliko watazamaji wake, na wa kushukuriwa tunamjua.

Wa kike naye yupo, na huduma yake kwa jamii haina ubaguzi. Tamthilia ya Kituruki inapofika huku ikiwa imetiwa Kiswahili, mara nyingi kule Istanbul imeshaisha, na yeye ameshaupekua mwisho kwenye simu. Saluni nzima iko katikati ya harusi, bibi harusi anavishwa pete, mteja aliye chini ya draya machozi yanamlenga. "Shoga, usijichoshe," anamwambia kwa upole. "Huyo anakufa. Tena kifo chenyewe hakina kichwa wala miguu." Ameokoa saa nyingi za watu. Ameokoa na bando.

Asidhaniwe kuwa ni mazao ya intaneti. Nasaba yake ni ya kale. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle, akiwa amemchoka Sherlock Holmes, alimtumbukiza kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi katika jarida la The Strand. Wasomaji wakamtumia barua za matusi, wengine wakaacha kulinunua jarida. Alivumilia miaka kadhaa, kisha mwaka 1903 akamrudisha Holmes mzimamzima na maelezo ya jinsi alivyonusurika. Doyle mwenyewe alikuja kusimulia kwamba mwendesha mashua mmoja wa Cornwall alimwambia maoni yake: huenda Holmes hakufa kwenye yale maporomoko, lakini tangu siku ile hakuwa tena mtu yuleyule. Waliosema asante ya punda ni mateke hawakukutana na mwendesha mashua huyo, ambaye teke lake alilitoa kwa adabu.

Kuna watu wenye roho mbaya wanaomlinganisha shabiki huyu na mwenendo wake nje ya sebule. Wanasema mradi wa maji wa mtaani kwake ulizinduliwa kwa ngoma na utepe, ukasimama kwenye nguzo mbili za tangi, naye hakuandika ombi lolote. Tume ya uchunguzi ikakabidhi ripoti, picha zikapigwa, ripoti ikaingia kabatini, hakuuliza sehemu ya pili itarushwa lini. Mweka hazina wa kikundi akahama mkoa bila hata kuaga, na fedha zikahama naye. Shabiki akasema tumwachie Mungu. Barabara yao ilipoishia katikati ya shamba la mihogo, aliona ni mwisho wa kawaida na akanunua gambuti.

Lawama hizo hazina uzito. Hasira ya binadamu mmoja ina kipimo, na mtu makini huipeleka penye uhitaji. Barabara ina mkandarasi, ina mhandisi, ina diwani, wote wanalipwa kuishughulikia. Westeros, nchi ya majoka, haina hata ubalozi hapa nchini. Asipoitetea yeye, nani?

Kampuni za televisheni zinamwelewa vizuri kuliko majirani zake. Mei 2019 aliapa mbele ya mashahidi kwamba hatatia tena mguu katika nchi ya majoka. Agosti 2022 HBO ilizindua House of the Dragon, hadithi ya nchi ileile na ukoo uleule, ikatazamwa na watu karibu milioni 10 Marekani usiku wa kwanza, uzinduzi mkubwa kuliko wowote HBO iliowahi kuupata hadi siku hiyo. Bila shaka wote hao ni wale ambao hawakuapa.

Ndiyo siri ya biashara ile, na hakuna anayeificha. Mtazamaji aliyeridhika huzima televisheni, hunawa miguu, hulala, na asubuhi ameshasahau. Aliyechukia hurudi. Hurudi kuthibitisha, hurudi kulinganisha, hurudi kuona kama wameomba radhi. Anadhani ugomvi wake ni na namna walivyomaliza. Wanaomuuzia wanajua kwamba ugomvi wake ni na kumaliza kwenyewe, kwa hiyo kila miaka michache humpelekea mwanzo mpya wenye jina la zamani, naye hulipia king'amuzi kwa hasira tupu.

Napendekeza basi tuzo za Emmy ziongeze fungu moja, la Mtazamaji Aliyekerwa Kwa Uaminifu. Itolewe katikati ya sherehe, si mwishoni, kwa sababu zinazoeleweka. Ukumbini apewe kiti cha mbele, kipaza sauti, na maji ya kunywa, maana hotuba itakuwa ndefu na itakuwa na sehemu ya pili.

Kwa sasa hana nafasi ya kusafiri kuipokea. Ameianza upya Game of Thrones, tangu sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza. Anasema anataka aone kama safari hii wataimaliza vizuri.